Muhuri Mmoja kwa Barua Mbili

Mimi ni karani wa parokia, na makazi yangu ni Kongowe. Kongowe ya Kibaha, kandokando ya barabara ya Morogoro, wala si ile Kongowe ya upande wa Mbagala ambako mizigo yetu hupelekwa kwa makosa mara kwa mara. Kazi yangu si kubwa. Nafungua ofisi baada ya Misa ya asubuhi, naandika nia za Misa, napokea zaka na kutoa stakabadhi, natunza vitabu vya ubatizo, vya Kipaimara na vya ndoa. Mtu akija kutaka cheti, natafuta jina lake kitabuni, namwandikia, kisha nagonga muhuri. Habari ninayotaka kuwasimulia leo ni ya muhuri huo. Parokia sitaitaja jina, wala shule sitaitaja, kwa kuwa yaliyotokea kwetu yaweza kutokea kwa jirani, na pengine yamekwisha kutokea.

Mimi nilisomea ualimu. Nilipotoka chuoni niliomba kazi serikalini, nikangoja, nikaomba tena, nikangoja tena. Katika kungoja huko Padre paroko alinikuta shambani napalilia muhogo wa mama yangu, akaniuliza kama mwandiko wangu unasomeka. Nikamjibu kwamba unasomeka. Basi nikawa karani, na huu ni mwaka wa saba. Watu wengi huniita Mwalimu hata sasa, nami huitika.

Parokia yetu ina shule ya msingi. Kati ya kanisa na shule pana uwanja mmoja tu na ua wa michongoma. Mtoto akipiga mpira kwa nguvu huangukia kwenye baraza ya ofisi yangu. Kwa macho, kanisa na shule ni nyumba moja. Mimi nami nilidhani hivyo.

Mwaka mmoja, mwezi wa tano, shule ilikuwa na madeni. Wazazi wengi walikuwa hawajamaliza karo, au ada kama wasemavyo siku hizi, na walimu walikuwa hawajalipwa mshahara wa mwezi uliopita. Sista mkuu wa shule alikuja ofisini kwangu akaniomba nimsaidie kuandika barua za kudai, kwa sababu mashine yao ilikuwa imeharibika. Nikaandika. Maneno yalikuwa machache: mzazi anaarifiwa kwamba mtoto wake hatapokelewa darasani kuanzia Jumatatu mpaka deni litakapolipwa lote. Muhuri wa shule ulikuwa umefungiwa kabatini, na mwenye ufunguo alikuwa amesafiri. Mimi nikaona haraka ni bora. Nikachukua muhuri uliokuwa mezani kwangu, muhuri wa parokia, nikaugonga juu ya barua zote. Sista hakuniambia nifanye hivyo, wala Padre hakujua. Yalikuwa mawazo yangu mwenyewe.

Jumatatu hiyo akaja mama mmoja. Ni mjane, huuza vitumbua pale kituoni, mahali yanaposimama mabasi na malori. Mwanawe alikuwa darasa la nne, tena alikuwa mtumikiaji wa altare, mmoja wa wale ambao huna haja ya kuwaamsha. Yule mama alisalimu, akaketi, akafungua mfuko wa nailoni akatoa karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa cheti cha ubatizo cha mtoto, nilichomwandikia mwaka uliotangulia alipokuwa akijiandaa kwa Komunyo ya kwanza. Ya pili ilikuwa ile barua. Akaziweka mezani kwangu bega kwa bega.

"Kaka karani," akasema, "mimi kusoma najua kidogo tu. Nisaidie. Huu muhuri na huu, ni mmoja au ni miwili?"

Nikamwambia ni mmoja.

"Basi aliyempokea mwanangu ndiye anayemtoa. Nilitaka kujua hilo tu."

Akakunja karatasi zake akaondoka. Hakupandisha sauti hata kidogo. Angalipiga kelele ningalikuwa na la kumjibu, maana karani huzoea kelele.

Jumapili iliyofuata mtoto hakuonekana altareni. Mama naye hakuonekana kanisani, wala bibi yake, ambaye kwa miaka mingi alikaa benchi la pili upande wa akina mama na kuanzisha Rozari kabla ya Misa. Nikasema moyoni kwamba labda wamesafiri. Baada ya mwezi mwenyekiti wa jumuiya yao alileta taarifa yake, na mbele ya nyumba ile alikuwa ameandika neno moja: wamepumzika. Sikupata kuona neno hilo katika taarifa kabla ya siku ile. Deni lilikuwa la shule, lakini waliopotea ni watu wa parokia, watatu kwa barua moja.

Jambo hili likaninyima raha. Jioni moja nikachukua kitabu cha ubatizo, nikafungua kurasa za watoto ambao kwa umri wao walipaswa kuwa shule ya msingi wakati ule. Kisha nikamwomba Sista orodha ya wanafunzi wake. Nikakaa na kalamu nyekundu, jina kwa jina. Nilitazamia kupiga mistari mingi. Majina niliyoyakuta katika vitabu vyote viwili nayahesabu kwa vidole vya mikono, na vidole vinabaki. Wanafunzi wengi wa shule yetu walikuwa wakiletwa na mabasi madogo kutoka Maili Moja, Mlandizi na hata kutoka Dar es Salaam. Walikuwa watoto wazuri, na wazazi wao walilipa kwa wakati. Lakini watoto wa wakristo wa Kongowe, wale ambao nimeandika majina yao na ya wasimamizi wao kwa mkono wangu, walikuwa shule ya Serikali, au nyumbani, au shambani wakifukuza nyani.

Nikaenda kumwona mzee mmoja aliyekuwa mwalimu wa dini tangu ujana wake. Nilimkuta chini ya mkorosho anasuka ungo. Nilipomwonyesha orodha yangu yenye wino mwekundu hakushangaa. Akanisimulia shule aliyosomea yeye, banda la makuti ambalo Jumapili lilikuwa kanisa na siku nyingine tano lilikuwa darasa. Kengele ilikuwa ringi ya gari iliyotundikwa mwembeni. Aliyewafundisha herufi ndiye aliyewafundisha Baba Yetu, na mtoto akikosa siku mbili mwalimu alikwenda kwao jioni kuuliza, kwa kuwa nyumba zote alizijua. "Hatukuwa na maneno ya kusema uhusiano wa kanisa na shule," akaniambia. "Nani anasema uhusiano wa mkono wake wa kulia na bega lake?"

Wasomaji wengi wanajua kwamba katika pwani hii yetu mambo yalianza hivyo. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofika Bagamoyo mwaka 1868, Padre Anton Horner na wenzake, hawakutangulia kujenga kanisa kubwa. Walikuwa na watoto waliokombolewa utumwani, watoto wasio na baba wala mjomba katika nchi, na watoto hao walihitaji kula, kulala na kufundishwa. Wakasoma, wakafunzwa useremala, uashi na kilimo. Kanisa lenyewe la kwanza lilijengwa mwaka 1872. Sisemi kwamba kila jambo la siku zile lilikuwa jema. Watoto wale walikuwa chini ya misioni kwa kila kitu, na mwenye kukupa chakula, nguo na kitabu kwa mkono mmoja ana nguvu nyingi mno juu yako. Lakini hakuna aliyeweza kumpoteza mtoto shuleni bila kumkosa kanisani jioni ile ile.

Na jirani zetu Pugu, kwenye njia iendayo Kisarawe, Wabenediktini walifika mwaka 1888, na mwezi wa Januari 1889 misioni yao ikavamiwa wakati wa vita vya Abushiri. Wengine wakauawa, wengine wakatekwa. Baadaye huko huko Pugu ikasimama Shule ya Mtakatifu Fransisko, ambako Julius Nyerere alifundisha baada ya kurudi kutoka masomoni Uingereza mwaka 1952, mpaka mwezi wa Machi 1955 alipoacha kazi ili ashughulike na TANU. Jina la Mwalimu, ambalo taifa zima lilimwita hadi kufa kwake, lilitoka katika madarasa ya namna hiyo, ya Tabora na ya Pugu.

Kisha ikaja Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, na shule nyingi za misioni zikawa za Serikali. Seminari zikabaki mikononi mwa Kanisa. Nilimwuliza mzee wangu juu ya jambo hili, nikidhani atalalamika. Hakulalamika. Alisema ilikuwa haki mtoto wa Mwislamu na wa mtu asiye na dini aingie shuleni bila kuulizwa anasali wapi. "Ila jambo moja lilitushinda," akasema. "Shule ilibaki pale pale, watoto wakabaki wale wale. Lakini ukuta ukipasuka hatukwenda tena kuukandika. Hakuna aliyetukataza. Tulisema tu, si yetu."

Neno hilo, si yetu, nadhani ndilo tulilorithi. Mwezi wa Februari 1992 Makanisa na Serikali walitiliana mkataba wa maelewano juu ya huduma za elimu na afya, na katika miaka ile ya 1990 parokia nyingi na mashirika ya masista wakaanza kujenga shule upya. Wazee wetu walibeba mchanga na kokoto vichwani, akina mama wakateka maji ya kukorogea saruji. Lakini wengi walibeba kama watu wanaomsaidia mwenye nyumba. Tena shule za msingi za Serikali hazitozi ada, na hili ni jema kubwa kwa maskini. Sasa mzazi wa kijijini anaona njia mbili: huku bila ada, huku kwa karo inayozidi mapato yake ya miezi mingi. Anachagua, na nani wa kumlaumu? Shule aliyoibebea mchanga inabaki ya mtu mwingine.

Sasa nisije nikawa mwongo kwa kusimulia upande mmoja. Nilimpelekea Sista orodha yangu yenye mistari michache myekundu, na kwa kweli nilikwenda kama hakimu. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua daftari la mishahara akanionyesha: mwalimu huyu analipwa hiki, huyu hiki, mpishi, mlinzi, umeme, maji, chaki. Akajumlisha mbele yangu. Akasema, "Mwalimu, nikiwapokea wote bila karo, mwezi wa saba nitafunga mlango, na hapo hatakuwapo hata mmoja." Halafu akafunga daftari akaniambia jambo ambalo sikulitazamia.

"Ninyi wa parokia mnakuja hapa mara ngapi kwa mwaka? Mnakuja kuazima viti vya jubilei na harusi, na mnakuja kuchukua watoto wa kuimba Askofu anapofika. Viti vinarudi vimevunjika. Watoto wanarudi wana njaa. Walimu wangu ni kumi na mbili. Nitajie majina ya watatu."

Nikataja mmoja. Wa pili nilimjua kwa uso.

Baadaye nikajua kwamba mwalimu wa hesabu ni Mwislamu, kijana wa Kizaramo kutoka vijiji vya nyuma yetu, na kwamba katika mwezi ule wa shida, mshahara ulipochelewa, ndiye peke yake aliyebaki jioni kuwafundisha darasa la saba bila malipo. Parokia nzima haikujua. Tulikuwa tukihubiri kila mwaka Jumapili ya Misioni juu ya kuwa taa kwa jirani zetu, na jirani zetu walikuwa wanatufundishia watoto ng'ambo ya michongoma, na hakuna aliyewahi kuvuka kuwapa asante.

Nikamweleza Padre yote, pamoja na kosa la muhuri. Alikaa kimya kidogo, akaniuliza kama yule mama amekwisha kutembelewa. Nikasema bado. Akachukua kofia yake tukaenda wote kwa miguu. Nitawaambieni ukweli, safari ile haikuleta matunda. Yule mama alitukaribisha, akatupa maji, akatusikiliza. Nikaomba radhi kwa kinywa changu. Akasema amesamehe. Padre akasema mtoto arudi, parokia itatafuta namna ya deni. Akajibu kwa upole kwamba mtoto amekwisha kuhamia shule ya Serikali, amepata marafiki, na yeye hataki tena kuishi akiogopa barua. Tulirudi bila kusema neno njiani.

Lakini mambo mengine yalianza siku ile. Halmashauri ya parokia ilipokutana, Padre alitaka mkuu wa shule awe na kiti katika halmashauri, wala si kuitwa tu pale panapokuwa na ugomvi. Wengine wakauliza kuna haja gani. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya elimu la tarehe 28 Oktoba 1965, ulisema wazi kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza wa watoto, na ukawaomba wachungaji na waamini wasiwasahau walio maskini wa mali. Na Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inawataka wazazi na walimu washirikiane kwa karibu, na walimu wawasikilize wazazi kwa moyo. Padre alitusomea sehemu hizo, lakini nionavyo mimi kilichowashawishi watu zaidi ni habari ya viti. Kila mtu alikuwa amevikalia, na kila mtu alijua vilivyovunjika.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa juu ya barua. Deni la shule halitaandikwa tena kwa karatasi ya parokia wala kugongwa muhuri wake. Na kabla ya shule kuandika barua yoyote kwa mzazi mkristo wa vijiji vyetu, Sista atamwambia mwenyekiti wa jumuiya, naye ataende kwanza kwa miguu aone hali ya nyumba. Maaskofu wa Afrika Mashariki walipoweka jumuiya ndogondogo za Kikristo mbele ya kazi zao zote, katika mkutano wao wa mwaka 1976, nadhani walikusudia mambo ya namna hii, wala si kukutana tu kwa Rozari na uji. Mwenyekiti akienda hugundua mengi. Pengine baba analewa karo ya mtoto, na hapo yanahitajika maneno makali. Pengine mama amelazwa Tumbi wiki ya tatu na hakuna aliyejua.

La pili lilitoka kwa mama mmoja wa Wanawake Wakatoliki, mkulima. Aliuliza jambo dogo: shule inanunua wapi chakula? Sista akajibu kwamba maharage, mboga na kuni zinaletwa na lori kutoka mjini, na maandazi ya chai huletwa na mfanyabiashara. Yule mama akacheka kwa uchungu. "Sisi tunauza muhogo wetu kwa malori yaendayo Dar, ninyi mnanunua andazi litokalo Dar. Na karo tunadaiwa." Tukapatana kwamba mzazi asiye na fedha aweza kuleta muhogo, mchicha, nazi, mayai au kuni, na Sista ataandika kwa bei ya soko la siku hiyo katika kadi ya mtoto. Hapo ndipo ualimu wangu uliponifaa, maana nilitengeneza daftari la kuandikia vitu hivyo. Watoto waletwao na mabasi walinuna wiki ya kwanza walipoona muhogo wa kuchemsha mezani. Wiki ya tatu walikuwa wakigombea vipande vya nazi.

Mpango huu una taabu zake. Wakati wa embe kila mtu huleta embe, na shule haiwezi kula embe kwa niaba ya kijiji kizima. Mtu mmoja alileta kuni mbichi zilizojaza jiko moshi, akataka ziandikwe kwa bei ya kavu. Tukagombana. Lakini mwaka huu nilipofungua tena vitabu viwili na kalamu nyekundu, mistari iliongezeka. Haikuwa mingi, ila sikuweza tena kuihesabu kwa vidole.

Sadaka ya pili ya kila mwezi kwa ajili ya watoto maskini haikufaulu, nami sioni haya kulisema. Mwezi wa kwanza kikapu kilijaa. Mwezi wa tatu kilikuwa na sarafu za kubabaisha. Tulipochunguza tukakuta kosa ni letu: hatukuwasomea watu hesabu. Sheria ya Kanisa yenyewe inataka wasimamizi wa mali wawape waamini hesabu ya vitu walivyovitoa, nasi tulikuwa tukitangaza tu kwamba "mchango umepokelewa, Mungu awabariki." Tangu tuanze kusoma mbele ya watu, kiasi hiki kimepatikana, kimelipia watoto wangapi, kimebaki kiasi gani, kikapu kimeanza kupata uzito tena polepole. Majina ya watoto hatuyasomi. Mmoja alipendekeza yasomwe ili watoaji waone. Sista alisimama na kusema kwamba siku yatakaposomwa yeye atarudisha fedha zote. Nilimpenda sana siku ile.

Na walimu? Jumapili moja ya mwezi wa kwanza, shule zinapofunguliwa, baada ya Misa walimu wote huitwa mbele, wakristo na wasio wakristo waliopenda kuja, Padre akawatambulisha kwa majina na masomo yao, kisha tukanywa chai pamoja barazani. Mwalimu wa hesabu alikuja na mke wake. Wazee wakamzunguka kumwuliza habari za wajukuu zao, mpaka chai yake ikapoa. Mwaka uliofuata alikuja tena bila kukumbushwa.

Liko jambo moja ambalo nataka msomaji alitie akilini, maana sisi tulikaribia kulisahau. Tukishughulika na shule yetu tu, tutadhani tumewatunza watoto wetu, kumbe walio wengi wako shule za Serikali. Kule nako kuna kipindi cha dini, na kwa miaka mingi kipindi chetu hapa kilikuwa hakina mwalimu. Watoto wa dini nyingine walikaa na walimu wao, wetu walichezea uwanjani. Mimi nilikuwa na cheti cha ualimu kabatini, kimekaa bila kazi. Nikamwomba Padre ruhusa, nikajitambulisha kwa mwalimu mkuu wa shule ile, na tangu mwaka jana, siku ya Ijumaa, nafunga ofisi mapema naenda kufundisha. Hakuna malipo. Darasa hujaa, madawati hayatoshi, wengine hukaa chini.

Yule mtoto yumo. Yuko darasa la sita sasa, amerefuka, hukaa karibu na dirisha. Wiki za kwanza hakujibu swali lolote, nami sikumlazimisha. Ijumaa ya nne nilipokuwa nafuta ubao, wenzake wamekwisha kutoka, alibaki mlangoni na daftari lake.

"Mwalimu, ile kanzu yangu ya kutumikia ipo?"

Nikamwambia kwamba amepewa mtoto mwingine, na hata ingekuwapo isingemfika magotini. Aje Jumamosi saa tatu, tutafute nyingine katika kabati la sakristia.

Akaniuliza kama aje na mama yake au aje peke yake.